Mafuta ya jua ya wageni na chaza wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lisiloonekana kwa macho, na pengine ndiyo maana halizungumzwi. Katika maduka ya ufukweni ya mwambao wetu wa mashariki ya Unguja, mafuta ya kujikinga na jua siku hizi huuzwa yakiwa na maandishi ya kumhakikishia mgeni kuwa hayadhuru matumbawe. Mgeni hununua kwa nia njema, akajipaka mwili mzima, akaingia majini, na saa sita mchana, upepo ukitulia, utauona utando wenye rangi rangi ukielea alipokuwa akioga. Swali langu ni kwamba vile vinavyooshwa mwilini mwake vinaishia wapi.

Maandishi hayo yana asili yake. Mwaka 2018 jimbo la Hawaii, Marekani, lilipitisha sheria ya kuzuia uuzaji wa mafuta yenye oksibenzoni na oktinoksati, kemikali mbili zinazotajwa kudhuru matumbawe, na sheria ikaanza kutumika Januari 2021. Badala ya kemikali hizo yapo mafuta yenye madini, yaani zinki oksaidi na titani dioksaidi. Madini haya yakiwa ya kawaida humwacha mtu mweupe kama aliyepakwa chokaa, kwa hiyo mara nyingi hutengenezwa kuwa chembe za nano, zenye upana usiozidi nanomita 100. Katika unene wa unywele mmoja wa binadamu chembe kama hizo zinaweza kupangwa mia nane, zikagusana. Tangu 2013 nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimisha neno "nano" liandikwe baada ya jina la kiambato katika orodha iliyo kwenye kipodozi. Mwezi uliopita maji yalipokupwa niliokota tyubu tupu iliyonasa kwenye kamba ya mwani. Maandishi mengi yalikuwa yamefutika, lakini neno hilo lilisomeka vizuri.

Nilifundisha kemia skuli kwa miaka mingi, kwa hiyo mhariri anivumilie kidogo. Chembe hizi zikiwa katika maji baridi huweza kuelea muda mrefu kwa sababu zina chaji ya umeme inayozifanya zisukumane. Zikiingia katika maji ya chumvi, chaji hiyo hukosa nguvu, nazo hushikana mabonge mabonge na kuzama, karibu kama maziwa yanavyokatika yakitiwa ndimu. Wapo wanaosema bahari ni kubwa na kila kitu hupotea humo. Hizi hazipotei mbali. Huzama pale pale upande wa ndani wa mwamba, kwenye maji ya kiunoni, juu ya mchanga na majani ya bahari, yaani mahali ambapo mama zetu huchokoa chaza na kombe.

Kila bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, dada yangu hurudi na chaza wake, akawaweka hai katika ndoo ya maji ya bahari. Siku moja maji yale yalikuwa na tope kiasi cha kutoona mkono. Kufika alasiri niliweza kuhesabu chaza waliokaa chini ya ndoo. Hivyo ndivyo chaza anavyokula: huvuta maji, akayachuja kwa mashavu yake, akabakiza alichokinasa. Chembe moja moja ya nano humpita kwa urahisi, lakini bonge la chembe hulinasa kama anavyonasa chakula. Asichokitaka hukifunga kwa ute na kukitema, na ute ule huanguka mchangani, ambako majongoo na minyoo huula. Pweza naye hula kombe, tasi hutafuna majani ya bahari pamoja na kila kilichogandia juu yake, na sisi tunawala wote wawili kwa wali.

Sitaki kumtisha mtu, wala sisemi watu waache kula pweza. Jambo hili si kama zebaki, ambayo huongezeka kila hatua hadi ikafika kwa papa. Katika majaribio ambayo wadudu wadogo wa majini walilishwa titani kisha wakapewa samaki, titani ilifika kwa samaki, lakini kiwango chake hakikuzidi kile cha wadudu. Hata hivyo, kutoongezeka si sawa na kutokuwa na madhara. Zinki oksaidi huyeyuka baharini, na zinki ikizidi huwa sumu kwa vijimea vidogo ambavyo ndivyo mwanzo wa chakula chote cha baharini. Titani haiyeyuki, lakini ikipigwa na jua huzalisha haidrojeni peroksaidi, kemikali inayoweza kuvidhuru vijimea hivyo hivyo, na utafiti wa ufukwe mmoja wa kisiwa cha Mallorca, Hispania, uliochapishwa 2014, ulihusisha kupanda kwa kemikali hiyo majini na mafuta ya waogaji. Titani inaweza pia kubeba sumu nyingine. Samaki wa aina ya kapu (carp) waliowekwa katika maji yenye kadimi, metali yenye sumu, walijaza kadimi nyingi zaidi mwilini pale titani ilipokuwamo. Kuhusu chembe za fedha (nasema madini, si hela), ambazo hutiwa katika soksi na nguo ili kuua bakteria, watafiti wa Kanada walizimimina katika ziwa moja dogo la Ontario mwaka 2014 na 2015, na fedha ikakutwa katika miili ya samaki wadogo na ya wale wanaowala.

Ninachokiomba hakihitaji maabara mpya. Wakala wa Chakula na Dawa, ambao vipodozi viko chini yake, uwatake waagizaji watamke kama bidhaa zao zina chembe za nano, kwani kiwandani taarifa hiyo ipo. Maneno ya "rafiki wa matumbawe" yasikubaliwe kwenye rafu mpaka muuzaji aeleze yanasimamia nini. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, pale Buyu, nao wachukue chaza na kombe kutoka ufukwe wenye hoteli na kutoka ufukwe usio na hoteli, mara moja wakati wa masika, wageni wakiwa wachache, na mara ya pili mwezi wa Agosti. Kupima titani yote kwa jumla hakutoshi, kwa sababu titani imo katika udongo na mchanga wenyewe. Ndiyo maana nataja misimu miwili na fukwe mbili, ili tofauti ijitokeze kama ipo.

Dada yangu na wenzake wamekubali kuwaonesha miamba yenye chaza. Wanachoomba ni wataalamu waje siku za bamvua, asubuhi maji yakiwa yanatoka, kwa sababu wakija maji mafu miamba ile haitoki nje.

Mwalimu mstaafu,
Jambiani, Unguja