Eti tulipewa!

Kaka Elia,

Salaam sana. Mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako, kama tulivyofundishwa kuandika shuleni. Ingawa afya yako sina shaka nayo, nimeona picha za harusi ya kwa Mama Neema na lile shati lilivyokubana.

Kilichonikalisha kuandika ni lile neno ulilolitupa mezani ukakimbilia basi: "Sisi uhuru tulipewa tu." Watu wakacheka, Chogo akaagiza soda nyingine, yakaisha. Kwangu hayajaisha. Angelisema Chogo ningemwachia, lakini wewe, Mmeru wa Engare Nanyuki?

Novemba 1951, Elia. Nyumba zilichomwa moto huko kwenu, watu kama 3,000 wakaondolewa na askari ili walowezi wa Kizungu wapate pa kufugia ng'ombe. Wakaambiwa waende King'ori, chini kwenye joto, na wengi wakagoma kukaa huko. Serikali iliyofanya hivyo si ya Mjerumani wa viboko, ni ya Mwingereza, na mwenyewe alijiita mdhamini. Hapo ndipo wazee wenu walipomkamata. Tanganyika haikuwa koloni lake. Alikabidhiwa aiangalie, na hati ya Umoja wa Mataifa ilimtaka awaandae wenyeji kujitawala au kuwa huru. Sasa mdhamini gani anamchomea nyumba mtu aliyekabidhiwa amlinde? Swali la mkulima hilo, wala halihitaji digrii.

Wakachanga fedha. 1952 wakampeleka Kirilo Japhet hadi New York, pamoja na wakili Earle Seaton, yule mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Hebu fikiria Uingereza inakaa kusikiliza mashtaka ya Mmeru mbele ya mataifa! Kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kura za kurudishiwa ardhi hazikutimia theluthi mbili, kwa hiyo kesi walishindwa. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka kuwaeleza watu yaliyompata, na waliomsikiliza nao walikuwa na machungu yao. TANU ikazaliwa Julai 1954, na Machi 1955 Mwalimu Nyerere naye akaenda New York hukohuko kusimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Njia alishachongewa na watu wa kahawa na migomba, halafu unaniambia tulipewa.

Najua utanijibu Kenya, Mau Mau, msitu, bunduki. Sawa, sisi hatukuingia msituni miaka ile, Maji Maji ilikuwa imeshatufunza bei yake. Lakini waulize Waluguru walivyolazimishwa kuchimba matuta milimani mpaka ikawa fujo 1955 na mtu akafa. Au ile hesabu ya Baraza la Kutunga Sheria: viti 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia, 10 vya Wazungu, katika nchi ambayo Wazungu hawakujaza hata wilaya moja. Wakaita usawa! Kisha kura tatu, umchague na Mzungu na Mwasia ndipo kura yako ihesabiwe. Pale Tabora, Januari 1958, TANU nusura ipasuke kwa hilo. Mwalimu akawashawishi waingie kwenye uchaguzi hivyohivyo, wengine wakamkasirikia kabisa. Hiyo nayo nilitaka tu… basi, tutaimalizia tukionana, maana hapo najua tutagombana.

Nirudi kwa Meru, ndiko ninakotaka unisaidie. Uliwahi kusema Bibi ana sanduku la bati chini ya kitanda, na hataki mtu aliguse. Mwaka ule wa moto alikuwa msichana mkubwa, anakumbuka. Nenda ukamkalishe, umpelekee loshoro, uwashe simu urekodi, na usimkatize kama ulivyozoea kukatiza watu.

Bibi bado anasikia vizuri? Kwao walipita King'ori au walikimbilia kwa ndugu? Mchango wa safari ya Kirilo walitoaje, fedha au waliuza mbuzi? Wanawake nao walichangia? Kuna stakabadhi yoyote humo sandukuni? Na wewe mwenyewe, lile neno ulilitoa wapi, au ni utani wa bia tu? Ile elfu hamsini ya Chogo umeshamrudishia?

Nisalimie shemeji na watoto. Jibu kwa barua, si kwa vidole gumba vya kwenye simu.

Wako,
Juma