Printa ya lebo ikijaa memori msikimbilie kununua nyingine

Mhariri, naomba nafasi niseme hili la printa za lebo maana linaniuma sana kuona watu wanapoteza hela bure. Mi ni fundi wa hizi printa, naletewa moja imegoma kwa sababu memori imejaa na mwenyewe keshaambiwa anunue mpya, nikiangalia ndani nakuta logo ileile imehifadhiwa mara saba kwa majina tofauti, fonti zisizotumiwa na mtu, na lebo za bidhaa ambazo hata haziuzwi tena.

Printa hizi zina memori za aina mbili. Kuna RAM, ukizima umeme vyote vinafutika, na kuna flashi ambayo vitu vinabaki. Kwenye printa za kampuni ya Zebra, RAM inaandikwa R: na flashi E:, sasa logo ya kila siku iwekwe E: mara moja basi, ya kazi ya leo tu iwekwe R:, lakini usiijaze R: nayo maana humo humo ndo printa inachorea lebo kabla ya kuitoa. Na flashi inachoka ikiandikwa kila mara, kuna programu moja ya stoo niliikuta inapeleka logo upya kwenye flashi kwa kila lebo inayotoka, jamani!

Kinachokula nafasi zaidi ni kutuma lebo nzima kama picha. Piga hesabu, lebo ya milimita 100 kwa 150 kwenye printa ya doti 8 kwa milimita ni doti 960,000, yaani baiti 120,000 kwa kuwa doti nane ni baiti moja, na printa ya doti 12 inafika 270,000 kwa lebo ileile. Wakati ungehifadhi muundo mara moja kwa amri ya Zebra ya ^DF, ukauita kwa amri ya ^XF, halafu ukatuma jina, tarehe na namba tu, hata herufi 200 hazifiki. Barkodi nayo mwachieni printa aichore mwenyewe, mistari inatoka safi na skana inaisoma vizuri kuliko ile picha iliyovutwa ikapanuka.

Kusafisha sio kazi ngumu, amri ya ^WD inachapisha orodha ya vilivyomo na ^ID inafuta, ila hapo kwenye kufuta tafadhali muwe makini, ukiweka nyota badala ya jina la faili zinaondoka zote za aina hiyo na hazirudi, kwa hiyo tunza nakala kwenye kompyuta kwanza.

Mafundi wenzangu na nyie mnaouza, nawaomba kabla hamjamwambia mtu printa yake imekufa mchapishieni hiyo orodha, akae nayo aisome mwenyewe aseme kipi anakitumia na kipi hakijui.

Fundi printa, msomaji wenu