Kujazia oili si kubadilisha oili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme mafundi wetu kidogo, nami nijiseme, maana kosa tulilifanya pamoja.

Nina kigari cha mwaka 2001, cc 1500, nilichonunua kwa kiinua mgongo nilipostaafu ualimu. Kwa miaka miwili kilikuwa kinakula oili. Asubuhi nikiwasha, moshi wa buluu unatoka mkupuo mmoja kisha unapotea. Wajukuu wanacheka, wanasema bibi anapika. Fundi niliyemzoea aliniambia, "Mwalimu, hiyo haina shida. Gari inayokula oili haina haja ya kumwagwa oili. We jazia tu, ukijazia ndiyo umeshabadilisha." Nikaona ana hoja. Nikawa nabeba oili ya lita moja nyuma ya kiti, na kwa mazoea ya darasani naandika kwenye daftari kila ninapojazia. Miezi 14, lita 11. Filta ilikuwa ileile.

Siku tunarudi kutoka msibani Kondoa, karibu na Mayamaya taa nyekundu ya oili ikaanza kukonyeza. Nikasimama, nikachomoa stiki ya kupimia oili: oili imefika alama ya juu kabisa. Hapo nilichanganyikiwa. Oili ipo, taa inasema haipo. Kijana wa bodaboda akanishauri nichomoe waya wa taa. Nilimshukuru, nikazima injini, tukavutwa kwa kamba na pikapu iliyobeba magunia ya alizeti, zaidi ya kilometa 40 hadi mjini.

Safari hii nilikwenda kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa Kizota. Alifungua kifuniko cha tapeti, kile cha juu ya injini, akaniita: "Mwalimu, njoo uone mlenda." Kweli ulikuwa mlenda, ila mweusi, uliolala siku mbili na kushika ukoko pembeni. Akashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Lile chujio la waya ambalo pampu inanyonyea oili lilikuwa limezibwa karibu lote. Ndiyo maana stiki ilinionyesha imejaa huku taa inawaka: oili ilikuwa imekaa chini, haipandi kwenye injini. Ningeendelea kidogo tu, ingenoki.

Alinieleza huku anakwangua. Oili huchoka kwa joto, ikachanganyika na masizi, na petroli kidogo inayopenya kwenye ringi za pistoni, na unyevu. Injini inapokula oili haili uchafu, uchafu unabaki. Ukijazia lita moja juu ya oili kuukuu ni sawa na kuongeza maji kwenye mchuzi uliochacha. Ukoko nao unaganda kwenye ringi za pistoni, ringi zinashindwa kukwangua oili iliyo kwenye silinda, oili inapanda juu na kuungua. Basi gari inazidi kula, nawe unazidi kujazia, unajiona mtunzaji hodari.

Tena mimi nilikuwa na kosa la pili ambalo sikulijua. Safari zangu ni fupi: Nkuhungu hadi soko la Majengo, kanisani, nyumbani. Injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu ndani, hasa asubuhi za Juni na Julai. Kilometa hazisogei, nami nadhani oili bado changa.

Na tusiseme huu ni ugonjwa wa magari chakavu ya kwetu. Mwaka 2002 Toyota, huko Marekani, ilikubali kutengeneza bure injini zilizoganda oili katika baadhi ya magari yake ya mwaka 1997 hadi 2002. Mengine yalikuwa bado mapya.

Mzee hakutaka kumimina dawa ya kusafishia injini. Alisema tope hilo likibanduka vipande vipande litarudi kuziba chujio. Alilitoa kwa mkono, akaosha sampu kwa dizeli, akaweka filta mpya, sili za vali, na ile vali ndogo ya kupumulia injini, ambayo ilikuwa imeziba kabisa. Oili ya kwanza tuliimwaga baada ya kilometa 1000, ya pili 1500. Sasa ni 3000 au miezi minne, lolote litakalotangulia.

Injini haijapona, ringi zimechoka. Zamani ilikula lita moja kwa kilometa 700 hivi. Sasa ni 1400.

Ombi langu kwa wenye gereji ni dogo. Ile stika ya kubadilisha oili mnayobandika kwenye kioo, andikeni na tarehe, siyo kilometa peke yake. Wengine tunatembea kidogo.

Na wale wanaomimina oili nzito wiki ya kuuza gari ili moshi upungue, wanunuzi tumeanza kuamka mapema. Wanunuzi wenzangu, nendeni alfajiri, gusani boneti. Ukiikuta tayari ya moto, muulize muuzaji alikuwa anatoka wapi. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili, mulika kwa tochi ya simu. Ukiona mlenda, rudi nyumbani na hela yako.

Mwalimu mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma