Babu anakuja Malindi

Langoni, Lamu

Sahibu yangu mpenzi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai wewe, mama na wadogo zako hamjambo. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila Mama ana kikohozi kidogo cha mabadiliko ya pepo. Kusi imekata, bahari imelala, na mashua zimeanza tena kwenda Kizingitini na Kiwayu bila watu kushika roho mkononi. Nawe wajua, bahari ikilala kwetu yuko mzee anayeanza kuulizia kikapu chake kiko wapi.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Umeniuliza kwa nini tunamwacha Babu asafiri na umri ule, magoti yale na barabara ile. Najua umeuliza kwa mapenzi. Hata hapa nyumbani maneno hayo yapo. Ami yangu wa Mombasa anashikilia kwamba mzee akae barazani, watu wamjie. Lakini mimi ndiye ninayefuatana naye tangu nimalize shule, na niliyoyaona sijapata kumweleza mtu yakatosha. Niache nikueleze, kisha nina ombi.

Kwanza ujue kwamba Babu hatembei ovyo. Mtu anayeweza kuja Lamu yeye hamfuati. Wenye miguu na nauli huja kwenye Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita, msikiti wa Riyadha ukajaa mpaka nje na kila nyumba hapa Langoni ikalaza wageni hadi darini. Hao akishawapa mkono, basi. Watu wakishatawanyika huketi na Mama akauliza: fulani sikumuona, ana nini? Akiambiwa huyu amepooza, yule anamuuguza mumewe, mwengine hana nauli, mwengine amekasirika na nduguye hataki kukutana naye, majina hayo huyaandika. Safari zake zote za mwaka hutoka hapo. Anawafuata wasioweza kuja na wasiotaka kuja, na hao wasiotaka ndio wanaomkosesha usingizi.

Anaandika katika daftari la shule ambalo jalada lake lilichanika akalishona kwa uzi wa tanga. Kiswahili chake hukiandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa wazee wetu, kila nyumba na ukurasa wake: nani kazaliwa, nani kaolewa na nani, nani kafariki na kazikwa wapi. Mimi nalisoma polepole, na bado yako majina yananishinda mpaka anisomee mwenyewe.

Safari hii tulianza na Siyu, kisiwani Pate. Boti ya kwenda Mtangawanda haingoji mtu, inangoja maji, kwa sababu pale Mkanda, kati ya Manda na bara, maji yakitoka chombo hulala mchangani na abiria wakalala nacho. Babu haulizi ratiba. Akijua tu leo ni siku ya ngapi ya mwezi mwandamo, anakwambia kama ni bamvua, yale maji makubwa, au maji mafu, na maji yatajaa wakati gani. Manahodha vijana humpisha akae nyuma karibu na usukani. Kutoka Mtangawanda tulipanda pikipiki, yeye ya mbele mimi ya nyuma, kanzu ameipandisha mpaka magotini na kikapu cha halwa amekipakata.

Dada yake mkubwa yuko Siyu, unamkumbuka, yule aliyekuwa akitushonea vikuba vya asumini tulipokuwa wadogo. Macho yake yamezimika kabisa sasa, na masikio nayo mazito. Tulimkuta amelazwa ukumbini penye upepo. Babu hakusema neno. Alivua viatu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamtilia mkono wake wa kulia katika viganja vyake. Yule bibi akaupapasa, akapita kwenye mishipa, akafika kidole gumba, pale penye kovu. Babu ujanani alikuwa akijifunza kuunda vyombo kule Matondoni, na tezo ilimteleza ikamkata pale. Bibi akalizunguka kovu lile kwa ncha ya kidole, taratibu, akasema, "Ndiye. Ndoo karibu. Hata hunisalimu?"

Sasa niambie, sahibu, simu ingemfaa nini bibi yule? Wajukuu humpigia, tena ya video, na mtu akamshikia mbele ya uso. Yeye kioo hakioni, anasikia makelele tu ya watu anaoambiwa ni jamaa zake. Siku ile walikaa mikono imeshikana mpaka alasiri, wakabishana nani alikuwa nahodha wa jahazi lililomleta mama yao kutoka Mambrui akiwa bibi harusi. Hawakukubaliana. Mwanawe aliniambia jikoni kwamba mama yake hajazungumza vile kwa muda mrefu, na usiku ule alikula mkate wa mofa na samaki wa kupaka kama mtu mzima wa afya.

Kutoka hapo tukaenda Faza. Huko wako wana wawili wa binamu yake ambao walikuwa hawaamkiani tangu mirathi ya baba yao, shamba la minazi. Nilidhani Babu atawaita awahukumu, maana wakubwa wetu wengi ndivyo wafanyavyo, na mambo huzidi kuharibika. Hakuutaja mnazi hata mmoja. Alifika kwa mkubwa, akasema chakula cha mchana nitakula kwako, cha usiku kwa mdogo wako, na kesho tutageuza. Akawa anatembea yeye baina ya nyumba mbili, na bakora yake, polepole, watu wote wa mtaa wanamwona. Kwa mmoja anasifu watoto wa mwenzake, kwa mwengine vilevile. Kila nyumba anafungua daftari na kuuliza majina ya watoto ili ayaandike, na watoto wale wote wanaingia ukurasa mmoja, ukurasa wa babu yao.

Asubuhi ya kuondoka, wote wawili walikuja bandarini kumsindikiza, kila mmoja kwa njia yake. Maji yalikuwa yametoka, boti iko chini sana na ngazi zina ukoga wa bahari, zinateleza. Mtu mmoja hawezi kumteremsha. Ikabidi wamshike, huyu kwapa hili, yule kwapa lile, na kila ngazi wapeane neno: taratibu, ngoja, weka mguu, umemshika? Mimi nilikuwa chini nimepokea kikapu, nikaona nyuso zao. Sikwambii kwamba wamepatana. Shamba bado halijagawanywa. Lakini wiki iliyopita mdogo alipopita hapa Lamu kununua nyavu alituletea salamu za kaka yake, na neno hilo nyumbani lilikuwa halijasikika miaka.

Unaposema barabara, hapo una haki. Ila Babu anazo barabara nyingi kichwani. Ujana wake kwenda Mombasa kulikuwa ni kupanda jahazi lenye boriti wakati wa kaskazi na kurudi na kusi. Ukienda kumwona nduguyo unakaa kwake miezi, utake usitake, upepo ndio wenye ruhusa. Baadaye ikaja safari ya gari, kivuko cha Garsen, tope la kusukuma basi, na kule mbele kivuko cha Kilifi, mpaka daraja lilipofunguliwa 1991. Kwake yeye lami hii iliyofika sasa kupitia Witu ni neema, na vizuizi vya askari havimchoshi. Hukaa tayari na kitambulisho mfukoni mwa kanzu kabla basi halijasimama.

Jambo lililombadilisha ni lile la mwisho wa 2023. Unakumbuka mvua za El Niño, Tana ulivyofurika na barabara ya Garsen ikakatika, magari ya Lamu yakakwama huku na huku. Siku zile ndizo mdogo wake wa Mambrui alipougua. Babu alikwisha kumwandika, alikwisha kufunga kikapu, alikuwa anangoja maji yapungue. Mambo ya ndege pale Manda yalikuwa bado yanatafutiwa pesa na nafasi simu ilipokuja, ya kwamba mdogo wake amefariki na atazikwa baada ya alasiri. Alisimama hapo ukumbini, akatia udhu, akasali. Hakula mpaka siku ya pili. Barabara ilipofunguka tulikwenda, hitima imekwisha zamani, kaburi limeanza kuota majani. Alikaa chini akayang'oa kwa mkono wake, akasoma Yasini, na aliposimama akaniambia, "Nilisema nitangoja."

Tangu hapo hangoji. Hiyo ndiyo sababu, sahibu, na ndiyo niliyomwambia ami. Sisi tunahesabu hatari ya kwenda: magoti, presha, mashua, barabara. Babu anahesabu na ile ya kutokwenda, maana hiyo imeshamfika. Na ni mtu anayeiamini kwa moyo wake wote ile hadithi ya Mtume, ya kwamba anayependa kukunjuliwa riziki yake na kurefushiwa umri wake na aunge kizazi chake. Mimi siwezi kumzuia mzee na jambo analoliona kuwa ni uhai wake. Ninachoweza ni kuipunguza njia ukali, nayo familia yote naiomba ifanye hivyo badala ya kumwekea kikao. Ami nimemwomba nauli ya viti viwili vya mbele, na amekubali.

Sasa ombi. Tunakuja huko. Zamani tulikuwa tukitoka Mokowe asubuhi na kwenda moja kwa moja mpaka Mombasa, lakini miguu ilimvimba safari iliyopita, akashindwa kuvaa makubadhi. Daktari amesema asikae kitako mchana kutwa. Mokowe mpaka Malindi ni zaidi ya kilomita 200, na Malindi mpaka Mombasa 120 hivi, kwa hivyo nataka tuikate safari kwenu. Tutateremka kwanza Mambrui, azuru kaburi la mdogo wake na la mama yao, halafu tuchukue matatu tuvuke mto Sabaki tuje Malindi kabla ya magharibi. Nakuomba utulaze, siku mbili au tatu, chumba cha chini kama kipo, kwa sababu ngazi za nyumba yenu hataziweza. Chakula msihangaike. Chumvi apunguziwe, na pilipili msimpe hata akiiomba, maana ataiomba. Kahawa muacheni anywe. Hiyo nimeshindwa nayo.

Shemeji yake, mjane wa yule mdogo wake, nimesikia amehama Mambrui na sasa yuko kwa bintiye huko Barani. Babu anataka kumwona kabla ya mtu mwengine yeyote. Kila siku anasema mwanamke yule alimuuguza nduguye peke yake, na upande wetu hakufika mtu kumsaidia hata siku moja ya ugonjwa. Ana kitu amemwekea, kitambaa na udi, na pesa kidogo ambazo hakuniambia ni ngapi. Tafadhali ulizia nyumba hasa iko wapi, kama gari au tuktuk inafika mlangoni, na umwambie bintiye siku tutakayokuja ili mama asiwe amepelekwa hospitali au kwa jamaa. Usimwambie mama mwenyewe mapema sana, atajisumbua kupika.

Mama anakuletea achari ya embe na ng'onda, samaki wakavu, wachache. Halwa nitainunua siku ya kuondoka ije ikiwa laini. Ukitaka kitu kingine cha Lamu uniambie kabla ya Ijumaa, maana Jumamosi alfajiri tunavuka kwenda Mokowe, inshallah, na basi likitembea vizuri tutakuwa Mambrui kabla ya adhuhuri.

La mwisho, na hili usilisahau. Niandikie majina ya watoto waliozaliwa kwenu tangu Maulidi, la mtoto, la baba na la mama, na wa dada yako wa Watamu pia. Kama kuna aliyefariki uniambie vilevile, hata kama ni wa mbali. Babu ataniuliza hata kabla hatujashuka garini, na ukurasa wenu ameshaufungua.

Nisalimie wote, mmoja mmoja kwa jina.

Wasalamu,
Sahibu yako wa Langoni