Sarafu za Kilwa ziandikishwe kwa utaratibu mmoja

Mhariri,

Magazeti yetu, likiwemo lako, hayachoki kuandika habari za sarafu za kale za Kilwa, na kila mwandishi ana karne yake. Siwalaumu. Zile za shaba, ambazo ndizo nyingi, hazina mwaka wala mahali zilipopigwa. Karne hukadiriwa na wataalamu, na kadirio likishaingia kwenye daftari la makumbusho, watu hulisoma kana kwamba limechorwa kwenye shaba yenyewe.

Chukua Ali bin al-Hasan, sultani wa Kilwa. Waliochimba Kilwa miaka ya 1960 walimweka karibu na mwaka 1200. Mwaka 1984 ikafukuliwa akiba ya Mtambwe Mkuu, Pemba: sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zikiwemo zenye jina lake, pamoja na dinari za dhahabu za ng'ambo zenye tarehe, ya mwisho ikiwa ya 1066. Sultani akarudishwa nyuma zaidi ya miaka mia kwa mkupuo mmoja. Vibandiko vya zamani vya makumbusho havijirekebishi vyenyewe.

Wataalamu wa Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya na makumbusho ya nje wakubaliane fomu moja. Sehemu ya kwanza iwe ya kinachoonekana tu: uzito, kipenyo, madini, maandishi herufi kwa herufi, mahali ilipopatikana na tabaka la udongo. Sehemu ya pili iwe ya makadirio: sultani yupi, lini, ilipigwa wapi, na nani kasema. Hata "wa kwanza" na "wa tatu" wakae huko, maana sarafu hutaja jina la mtu na la baba yake, basi, na ukoo ule ulirithishana majina yale yale.

Maandishi yasidharauliwe. Upande mmoja una jina la sultani, wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo zinakwenda kwa vina. Kwa hiyo sarafu iliyolika upande wa jina bado inaweza kutupa fununu ya jina kwa kina cha upande uliobaki, ilimradi aliyeiandikisha hakuishia kwenye "shaba, chakavu, Kilwa".

Vipimo vya eksirei vya madini vitasubiri bajeti. Mizani ya sonara, rula na kamera zinapatikana hata wilayani.

Na atakayeokota moja ufukweni asiisugue kwa ndimu na mchanga ili ing'ae, kwani herufi ndizo zinazoondoka kwanza. Aipeleke ofisi ya mambo ya kale na kutu yake, na aonyeshe alipoikuta.

Msomaji,
Kilwa Masoko