Barua ya wazi kwa vijana wa maabara: chembe ndogo si lazima iwe njaa ya chuma

Wanangu wa maabara, nanyi matabibu vijana mnaosoma majibu yetu,

Nawaandikia kuhusu kipimo mlichokizoea hata hamkioni tena: picha kamili ya damu. Huyu kaja na homa, yule anasubiri upasuaji, mwingine ni mjamzito wa kliniki ya kwanza. Mashine inamwaga tarakimu karibu ishirini, na jicho linakimbilia moja tu, himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Ikiwa chini, mgonjwa anaambiwa damu imepungua, anaandikiwa vidonge vya madini ya chuma, anaitwa anayefuata. Nami nilifanya hivyo miaka mingi.

Kuna mama mmoja sijamsahau. Karatasi yake ilipita mikononi mwangu nikiwa na umri kama wenu: himoglobini 10.8, chembe nyekundu milioni 5.9, MCV (wastani wa ukubwa wa chembe) 61. Nikaandika kwamba chembe ni ndogo na zimepauka, nikatia sahihi. Akapewa vidonge. Mimba ya pili akarudi na majibu yaleyale, akapewa vidonge vilevile. Mtoto wake wa tatu alipofika miezi minane alianza kufifia, wengu ukavimba, na tangu hapo akawa wa kuongezewa damu kila baada ya wiki chache. Ilikuwa thalasemia kuu ya beta, ugonjwa wa kurithi unaozuia mwili kuunda himoglobini ya kutosha. Baba naye, kama mama, alikuwa mbebaji, yaani alirithi kasoro hiyo upande mmoja bila kuugua, na hakuna aliyewahi kumwita apimwe. Dalili ilikuwa kwenye karatasi ile ya kwanza, chini ya sahihi yangu.

Itazameni nanyi. Aliyepungukiwa chuma, uboho wake umekosa malighafi, kwa hiyo hutoa chembe ndogo na tena chache. Mbebaji wa thalasemia chuma anacho. Alichorithi ni upungufu wa mnyororo mmoja (alfa au beta) kati ya inayounda himoglobini, na uboho wake hufidia kwa kutoa chembe nyingi, kila moja ndogo. Kwa hiyo mkiona himoglobini imeshuka kidogo tu, MCV imeporomoka, na bado idadi ya chembe nyekundu ipo juu, msiipitishe karatasi hiyo. Daktari Mentzer alitupa hesabu nyepesi mwaka 1973: gawanya MCV kwa idadi ya chembe nyekundu katika mamilioni. Jibu likiwa chini ya 13, shuku thalasemia. Likiwa juu, shuku zaidi upungufu wa chuma. Kwa mama yule ni 10.3. Mwenye MCV 72 na chembe milioni 4.0 anapata 18. Hesabu hii hukosea, hasa kwa aliye na matatizo yote mawili kwa pamoja, kwa hiyo msimhukumu mtu kwayo. Itumieni kuamua nani asiondoke kabla ya kupimwa zaidi. MCV chini ya 80 au MCH (kiasi cha himoglobini katika chembe moja) chini ya 27 kwa mtu mzima inatosha kuuliza swali.

Kupima zaidi maana yake ni ferritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, na kutenganisha aina za himoglobini kwa elektroforesi au mashine nyingine ya kazi hiyo. HbA2, mojawapo ya aina hizo, ikizidi asilimia 3.5, kwa kawaida huyo ni mbebaji wa thalasemia ya beta. Hapa pana mtego: upungufu wa chuma huishusha HbA2, na mbebaji anaweza kuonekana hana kitu. Kwa asiye mjamzito, tibuni chuma kwanza, kisha mrudie kipimo. Kwa mjamzito msingoje. Mwiteni baba wa mtoto apimwe sasa, maana mimba haisubiri ferritini ipande. Tena HbA2 ya kawaida haiondoi thalasemia ya alfa, ile ya mnyororo mwingine; mara nyingi hiyo huthibitishwa kwa kupima vinasaba vyenyewe, na mwenye kasoro ya jeni moja tu huenda hata MCV yake ikawa salama.

Sasa jambo ninalotaka mlishike kuliko yote. Mbebaji wa sikoseli, yule wa AS (mwenye jeni moja ya kawaida na moja ya sikoseli), kwa kawaida picha yake ya damu ni safi kabisa. Himoglobini nzuri, MCV nzuri, hata chini ya darubini chembe zake ni za duara. Nimewasikia watu wakiambiwa, “Damu yako iko sawa, oeni tu,” kwa kutegemea karatasi ambayo haikuwahi kuulizwa habari za sikoseli. Msiseme hivyo kamwe. Anayetaka kujua apimwe aina ya himoglobini. Kile kipimo cha haraka cha sikoseli, cha kuyeyusha himoglobini, hakitofautishi AS na SS (mgonjwa mwenyewe) kwa uhakika, hakimwoni mbebaji wa HbC, aina nyingine ya himoglobini yenye kasoro, wala wa thalasemia, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza kudanganya kwa sababu bado amejaa himoglobini ya tumboni. Kumbukeni pia kwamba AS akizaa na mbebaji wa thalasemia ya beta, mtoto anaweza kurithi vyote viwili na kuugua sikoseli. Kwa hiyo wapenzi wawili wasomwe pamoja, karatasi mbili mezani.

Mengine kwa ufupi. MCHC (ukolezi wa himoglobini ndani ya chembe) ikipanda kupita 36, hakikisheni kwanza sampuli haijaharibika, kisha tafuteni chembe za mviringo kama mpira, zisizo na weupe katikati, na kwa kuwa huenda ni ugonjwa wa kurithi, mwulizeni mgonjwa kama kuna ndugu waliotolewa wengu au wenye mawe ya nyongo. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, hauonekani katika siku za kawaida, na ukipimwa mara tu baada ya chembe kupasuka unaweza kuonekana haupo, kwa kuwa zilizobaki ni changa na zina kimeng'enya cha kutosha. Na aliyeongezewa damu karibuni, mnachopima ni damu ya mchangiaji. Subirini kama miezi mitatu.

Mkishampata mbebaji, mketisheni faraghani. Mwambieni si mgonjwa, na kwamba hakuna alichokosea, wala mama yake. Mwambieni wabebaji wawili wa ugonjwa uleule wana uwezekano wa asilimia 25 kwa kila mimba kupata mtoto mgonjwa, na kwamba mtoto wa kwanza akiwa mzima hesabu haipungui kwa wa pili. Kisha muulizieni ndugu zake wa tumbo moja, maana kila mmoja wao ana nafasi kubwa ya kubeba alichobeba yeye.

Na kwenye ile nafasi ya maoni, ambapo mimi niliandika maneno machache nikatia sahihi, ongezeni mstari: “Idadi ya chembe nyekundu iko juu huku MCV ikiwa chini, apimwe aina ya himoglobini na ferritini, na mwenzi wake pia.”

Mzee wenu, mstaafu wa maabara