Mwanangu, usikariri kanuni zote za maumbo

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeuliza ukariri kanuni ngapi za maumbo kabla ya mtihani. Ukizihesabu kitabuni zinapita kumi, na anayezikariri zote huzichanganya. Za ujazo shika mbili tu, kisha ujifunze kutambua ipi inafaa wapi.

Likate umbo kimawazo, vipande vilivyo sambamba na kitako. Je, kila kipande kinalingana kabisa na kitako? Basi huo ni mche. Kitako kikiwa mstatili unapata umbo la boksi, kikiwa duara unapata mcheduara kama pipa, kikiwa pembetatu unapata mche wa pembetatu. Ujazo wa mche wowote ni eneo la kitako mara kimo. Lakini vipande vikizidi kupungua hadi ncha, hiyo ni piramidi, na kitako kikiwa duara umbo hilo huitwa pia (koni), na ujazo wake ni theluthi moja ya mche wenye kitako na kimo hicho hicho. Tufe, yaani umbo la mpira, halimo katika mawili haya. Lenyewe lina ujazo wa 4/3 × π × r³, na eneo lake ni 4 × π × r², r ikiwa nusu kipenyo.

Wengi huteleza kwenye kitako, wakidhani ni upande unaogusa ardhi. Chukua hema lenye umbo la mche wa pembetatu: limelazwa kwa ubavu, na kitako chake ni ile pembetatu ya mlangoni. Kama pembetatu ina upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.5, eneo lake ni ½ × 2 × 1.5 = mita za mraba 1.5. Hema likiwa na urefu wa mita 3, ujazo ni mita za ujazo 4.5. Hapo kuna vimo viwili, cha pembetatu na cha mche, na mtunga mtihani anajua utavichanganya.

Theluthi usiikubali kwa sababu imeandikwa tu. Tafuta kopo lenye nusu kipenyo cha sm 5 na kimo cha sm 12, tengeneza pia ya karatasi ngumu yenye vipimo hivyo, ujaze mchanga na kumimina koponi. Litajaa kwa mara tatu. Ila angalia unavyokata karatasi: kipande cha duara unachokikata kiwe na nusu kipenyo cha sm 13, si 12, kwa sababu ubavu wa pia ni mrefu kuliko kimo (5² + 12² = 13²). Pembe yake iwe nyuzi 138 na nusu hivi. Ukikata kwa sm 12 pia inatoka fupi, na utamimina zaidi ya mara tatu huku ukilaumu kanuni.

Ubavu huo ndio unaotumika kwenye eneo. Kimo kinatumika kwenye ujazo. Piramidi kubwa ya Giza, kule Misri, ilipojengwa ilikuwa na kitako cha mraba cha mita 230 hivi kila upande na kimo cha mita 147 hivi. Ujazo: 230 × 230 × 147 ÷ 3 = mita za ujazo 2,592,100. Kwa eneo la nyuso nne za pembetatu, tafuta kwanza ubavu: kipeuo cha pili cha 115² + 147², yaani mita 186.6. Kisha 4 × ½ × 230 × 186.6 = mita za mraba 85,836. Aliyetumia 147 atapata 67,620, na zaidi ya mita za mraba 18,000 za mawe zimempotea.

Eneo la mche ni rahisi zaidi. Bandua karatasi ya nje ya kopo uinyooshe: ni mstatili, urefu wake ni mzingo wa kitako. Kwa hiyo eneo la pembeni ni mzingo mara kimo, iwe duara au chumba cha kupaka rangi. Vitako ongeza kadiri vilivyopo kweli. Tangi la maji lenye nusu kipenyo cha sm 70 na kimo cha sm 150, kwa π = 22/7, lina pembeni sm za mraba 66,000 na kila kitako 15,400. Likiwa na mfuniko jumla ni 96,800. Likiwa wazi juu ni 81,400. Soma swali mara mbili kabla ya kuongeza.

Ujazo wa tangi hilo ni 15,400 × 150 = sm za ujazo 2,310,000. Lita ngapi? Gawa kwa 1,000: lita 2,310. Ukitaka mita za ujazo gawa kwa 1,000,000, si kwa 100, maana unabadili urefu, upana na kimo kwa pamoja. Kwenye eneo unagawa kwa 10,000. Kosa hili hupoteza alama.

Ndoo, je? Si mche wala pia; ni pia iliyokatwa ncha, na ujazo wake ni π × kimo ÷ 3 × (R² + R × r + r²), R ikiwa nusu kipenyo kikubwa na r kidogo. Kanuni hii ni ya kale mno. Papiri moja (hati ya kale ya mafunjo) ya Misri ya takriban mwaka 1850 KK inakokotoa piramidi iliyokatwa, upande wa chini 4 na wa juu 2, kimo 6: 16 + 8 + 4 ni 28, mara theluthi ya 6, jibu 56. Ndoo ya nusu kipenyo sm 15 juu, 12 chini, kimo 30, inachukua lita 17.2 hivi. Ukitumia wastani wa nusu vipenyo, 13.5, kama mcheduara, unapata karibu jibu lile lile. Njia hiyo ya mkato ijaribu kwenye pia kamili, ambapo r ni sifuri: inakupa robo badala ya theluthi. Itumie kukagua jibu la ndoo, usiiandike kwenye mtihani.

Nitumie jibu la hili: tufe la nusu kipenyo sm 21 limo ndani ya kopo linalolibana pande zote. Ni sehemu gani ya ujazo wa kopo, na sehemu gani ya eneo lake lote, mfuniko ukiwemo?

Mama yako